Daytona 660 na hesabu ya kilowati 70

Tangu Triumph, kampuni ya pikipiki ya Uingereza, ilipoitambulisha Daytona 660 mwanzoni mwa 2024, hukumu ya wapenzi wa pikipiki za spoti imekuwa moja na inarudiwa kama kiitikio: jina kubwa limebandikwa kwenye pikipiki ndogo. Wanataja nguvu za farasi 95 na kuzilinganisha na 125 za Daytona 675 ya 2006. Wanataja uzito wa kilo 201 ikiwa imejazwa mafuta, wanataja shokapu za mbele zisizorekebishika, kisha wanahitimisha kwamba kampuni iliyowahi kuwatoa jasho Wajapani katika daraja walilolitawala sasa imeridhika kuuza pikipiki ya kwendea kazini iliyovishwa vazi la mashindano. Takwimu hizo ni za kweli; kasoro imo katika hitimisho. Pikipiki ya spoti ya daraja la kati ya Uingereza haikuwahi kuumbwa na matakwa ya wahandisi wake peke yao. Katika kila kizazi imekatwa na kushonwa kwa kipimo cha kanuni zilizoandikwa na watu wengine, na anayetaka kuielewa 660 hana budi kuisoma kanuni iliyoizaa kabla ya kuipima kwa kanuni iliyoizaa 675. Akifanya hivyo ataona kwamba ipo lawama ambayo Triumph inaistahili, ila inaelekezwa mahali pasipo pake.

Tuanze na jina lenyewe, kwa kuwa ndilo linalowauma watu. Daytona ni mji wa pwani ya Florida wenye mbio mashuhuri za maili 200, na Triumph ilizishinda mara mbili mfululizo, mwaka 1966 kwa mkono wa Buddy Elmore na mwaka 1967 kwa mkono wa Gary Nixon. Pikipiki zao zilikuwa na injini ya silinda mbili isiyozidi cc 500, na wengi wanaoisimulia habari hii hudhani kwamba ukubwa huo ulikuwa chaguo la Waingereza. La hasha. Kanuni za chama cha pikipiki cha Marekani za wakati ule ziliziruhusu injini zenye valvu za pembeni, aina iliyotumiwa na Harley-Davidson, kufika cc 750, ilhali injini zenye valvu za juu kama za Triumph zilibanwa zisivuke cc 500. Ilikuwa kanuni iliyoandikwa nyumbani kwa mpinzani na iliyomfaa mpinzani, nayo Triumph ikaingia ndani ya mipaka yake na kushinda humo humo, kisha ikauza barabarani pikipiki ya T100R iliyobeba jina la mji ule. Kwa hiyo Daytona ya kwanza iliyojulikana duniani ilikuwa ya daraja la kati kwa amri, na jina lenyewe lilizaliwa kutokana na ustadi wa kuishi ndani ya mpaka uliowekwa na wengine.

Kilichofuata kinajulikana, nami nitakipitia kwa haraka isipokuwa sehemu moja. Mwaka 1968 ndugu wawili wa kibiashara, Triumph na BSA, walitoa pikipiki za silinda tatu zilizobuniwa na Bert Hopwood na Doug Hele, na moja ya hizo, Trident ya Triumph iliyopewa jina la utani la Slippery Sam, ilishinda mbio za pikipiki za kawaida katika Kisiwa cha Man kila mwaka kuanzia 1971 hadi 1975. Lakini Honda ilikuwa imekwisha kuleta CB750 ya silinda nne mwaka 1969, na soko halikungoja. Kiwanda cha Triumph cha Meriden kiliingia katika mgogoro, kikashikiliwa na wafanyakazi, kikaendeshwa kama ushirika kuanzia 1975, na kikafungwa mwaka 1983. Sehemu ninayotaka tutue mizigo kidogo ni ripoti ambayo serikali ya Uingereza iliagiza kwa kampuni ya ushauri ya Boston Consulting Group na ambayo ilitoka mwaka 1975. Ripoti hiyo ilieleza jinsi viwanda vya Uingereza vilivyojiangamiza kwa kukimbilia juu: Wajapani walipoingia katika pikipiki ndogo, Waingereza waliziachia kwa kuwa faida yake ilikuwa kiduchu, walipopanda daraja lililofuata, Waingereza wakaliachia nalo, wakaendelea kurudi nyuma hivyo hadi wakabaki kileleni, kwenye pikipiki kubwa, bila kijana yeyote aliyelelewa chini akipenda jina lao. Somo hilo litarudi tutakapofika kwenye 660.

John Bloor, tajiri wa ujenzi wa nyumba, alilinunua jina la Triumph mwaka huo huo wa 1983, akajenga kiwanda kipya Hinckley, kaunti ya Leicestershire, na pikipiki za kwanza za kiwanda hicho zikafika sokoni mwaka 1991. Miongoni mwake zilikuwamo Daytona 750 ya silinda tatu na Daytona 1000 ya silinda nne, zote nzito na zote zikichangia vipuri na ndugu zao wa safari ndefu. Wanaosema leo kwamba jina la Daytona daima lilimaanisha pikipiki ya mashindano huwa wameusahau muongo mzima wa 1990, ambapo jina hilo lilikaa juu ya pikipiki ambazo hakuna timu makini ya mashindano ingezichagua.

Jaribio la kwanza la kweli la Hinckley katika daraja la kati lilikuwa TT600 ya mwaka 2000, na ndilo kosa lenye mafundisho mengi kuliko ushindi wowote. Kanuni za Supersport, mashindano ya pikipiki za daraja la kati zinazouzwa madukani, zilikuwa zimelifunga daraja hilo kwenye cc 600 kwa injini za silinda nne, na Honda, Yamaha, Suzuki na Kawasaki walikuwa wakichuana humo kwa matoleo mapya kila baada ya miaka michache. Triumph iliamua kuingia kwa mlango uleule: silinda nne, cc 599, nguvu za farasi zipatazo 110, pamoja na mfumo wa kunyunyizia mafuta kwa umeme wakati ambapo washindani wengi wa daraja hilo walikuwa bado kwenye kabureta. Waliozipima walizisifu fremu na breki zake, lakini mpangilio wa mafuta katika matoleo ya mwanzo ulikuwa wa kusitasita na sura yake haikumvutia mtu. Ugumu wa msingi, hata hivyo, ulikuwa wa mantiki. Mnunuzi aliyetaka silinda nne za cc 600 alikuwa na Wajapani wanne wa kuwachagua, kila mmoja akiwa na uzoefu wa miaka mingi na uwezo wa kutengeneza kwa wingi na kwa bei ambayo kiwanda cha Hinckley hakingeweza kuifikia. Kwa nini aende kwa mwanafunzi ilhali walimu wanne wamekaa dukani?

Kanuni ileile, ikisomwa kwa jicho jingine, ndiyo iliyotoa jibu. Kabla ya hapo Triumph iliinoa TT600 ikawa Daytona 600, ambayo Bruce Anstey aliiendesha hadi kushinda mbio za Junior katika Kisiwa cha Man mwaka 2003, ushindi wa kwanza wa Triumph huko tangu Slippery Sam, na hayo yalitokea mwaka mmoja tu baada ya moto wa Machi 2002 kuteketeza sehemu kubwa ya kiwanda. Ikafuata Daytona 650, ambayo iliongeza ujazo hadi cc 646 na hivyo kujitoa yenyewe katika mipaka ya mashindano kwa faida ya mwendeshaji wa barabarani. Lakini wahandisi walikuwa tayari wanafanya kazi nyingine pembeni. Daytona 675, iliyouzwa kuanzia 2006, ilirudi kwenye silinda tatu: kipenyo cha milimita 74 na mwendo wa pistoni wa milimita 52.3, farasi 125 kwenye mizunguko 12,500 kwa dakika, uzito wa kilo 165 bila vimiminika.

Inafaa kueleza kwa nini silinda tatu zilikuwa jibu, maana wengi huishia kwenye sifa ya sauti. Katika injini ya silinda tatu ambayo krenki yake imegawanywa kwa nyuzi 120, mlipuko hutokea kila baada ya nyuzi 240 za mzunguko. Katika silinda nne za kawaida hutokea kila baada ya nyuzi 180. Silinda tatu zenye jumla ya ujazo unaokaribiana na wa silinda nne huwa kila moja ni kubwa zaidi, na hivyo injini huvuta mapema, katikati ya mizunguko, pale ambapo cc 600 za Kijapani zilikuwa bado zimelala zikingoja kupigwa hadi juu ya mizunguko 10,000. Wakati huohuo injini yenye silinda tatu ni nyembamba kwa upana kuliko ya nne, na pikipiki nyembamba hulala kwenye kona kwa wepesi. Triumph ilipata sehemu ya nguvu ya kuvuta ya silinda mbili na sehemu ya mizunguko ya juu ya silinda nne, na waandaaji wa mashindano nao wakaipa silinda tatu nafasi yake: cc 675, katikati ya 600 za silinda nne na 750 za silinda mbili. Mwaka 2008 ikaingia katika Supersport ya dunia. Hapo ndipo sifa ya jina ilipojengwa upya, na ilijengwa kwa kusoma kanuni na kutafuta ndani yake nafasi ambayo hakuna aliyekuwa ameikalia.

Kwa haki ya historia, sifa hiyo nayo imetiwa chumvi. Daytona 675 haikuwahi kutwaa ubingwa wa dunia wa Supersport. Mafanikio yake makubwa yalikuja kwa kuchelewa, baada ya injini kutengenezwa upya kwa ajili ya 2013, kipenyo kikapanuliwa hadi milimita 76, ekzosi ikashushwa kutoka chini ya kiti hadi chini ya injini, na uzito ukawa kilo 184 ikiwa na mafuta. Mwaka 2014 Danny Eslick alishinda Daytona 200 kwa kuiendesha, ushindi wa kwanza wa Triumph huko tangu Nixon. Mwaka huohuo Gary Johnson alishinda mbio ya Supersport Kisiwani Man na Billy McConnell akawa bingwa wa Supersport wa Uingereza. Miaka mitatu tu baadaye haikuwapo tena madukani kama pikipiki mpya.

Hapa ndipo tunapokutana na hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu, yaani kwamba 675 iliuawa na Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya. Hoja yenyewe husemwa hivi: viwango vya moshi vya Euro 4 vilipoanza kubana pikipiki zote mpya mwaka 2017, injini inayozunguka kwa kasi kiasi kile haikuweza kuvitimiza, na kampuni ikalazimika kuiacha. Ni maelezo yanayofariji, kwa kuwa yanamtafutia mpendwa wetu muuaji kutoka nje. Lakini mwaka huohuo wa 2017 Triumph ilileta Street Triple mpya ya cc 765, yenye injini ya ukoo uleule wa 675, ikatimiza Euro 4 na katika toleo la RS ikatoa farasi 123. Ilipofika Euro 5 injini hiyo haikufa bali iliongezeka nguvu, hadi farasi 130 katika RS ya 2023. Aliyeweza kumsafishia moshi ndugu aliyeishi angeweza kumsafishia aliyekufa. Kilichokosekana kilikuwa wanunuzi wa kulipia kazi hiyo. Street Triple, iliyozaliwa mwaka 2007 kwa kuivua Daytona 675 kava zake na kuipandisha usukani, ilikuwa imempita mama yake sokoni: mtu alipata injini ileile na karibu fremu ileile, akakaa wima, akaona mbele, na akafika aendako bila maumivu ya viganja. Mimi niliwahi kukaa juu ya 675 ya rafiki kwa muda wa saa moja katika foleni ya mji, joto la ekzosi likipanda kutoka chini ya kiti na uzito wote wa mwili ukiwa juu ya viganja, na niliposhuka nilielewa kwa nini rafiki huyo alikuwa anaiuza. Yamaha R6, pikipiki iliyotawala daraja hilo katika mashindano, nayo iliondolewa madukani Ulaya kama pikipiki ya barabarani mwishoni mwa 2020. Kanuni ya moshi ilitia sahihi cheti cha kifo. Ugonjwa ulikuwa wa siku nyingi.

Wala si kweli kwamba elimu ya mashindano ilipotea. Ilihama nyumba. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba Triumph ingetoa injini kwa pikipiki zote za Moto2, ngazi iliyo chini ya MotoGP, kilele cha mbio za pikipiki duniani, na kuanzia msimu wa 2019 injini ya silinda tatu ya cc 765 ikachukua nafasi ya silinda nne za Honda za cc 600 zilizotumika tangu 2010. Mkataba huo umekwisha kuongezwa hadi 2029. Mtu anaweza kusema, na ana haki ya kusema, kwamba kutoa injini kwa kila mshiriki ni namna ya kushiriki mbio ambazo huwezi kushindwa: kila anayepanda jukwaani amepanda juu ya Triumph, na hata anayeburuta mkia amepanda Triumph vilevile. Lakini injini hizo hukimbizwa kwa msimu mzima na vijana wanaowania nafasi ya MotoGP, wasio na huruma na chombo, na kampuni hupata takwimu za uvumilivu wa vipuri vyake ambazo Supersport isingeipa kwa gharama ileile. Mwaka 2019 ilitoa Daytona Moto2 765, pikipiki 765 kwa ajili ya Ulaya na Asia na nyingine 765 kwa ajili ya Marekani na Kanada, zenye farasi 130, shokapu za Öhlins na kava za nyuzi za kaboni, kwa pauni 15,765 nchini Uingereza. Tutairudia pikipiki hiyo, kwa sababu wakosoaji wa 660 huitumia kama shahidi wao mkuu.

Sasa tuitazame 660 kwa kanuni yake. Wakosoaji huuliza kwa nini wahandisi waliotoa farasi 125 kutoka cc 675 mwaka 2006 washindwe kuvuka 95 kutoka cc 660 miaka 18 baadaye, na hujijibu kuwa ni uvivu au ubahili. Jibu limo katika sheria ya leseni. Kwa mujibu wa maelekezo ya Umoja wa Ulaya yaliyoanza kutumika Januari 2013, mwenye leseni ya A2, yaani ya ngazi iliyo chini ya leseni kamili ya pikipiki, haruhusiwi kuendesha pikipiki inayozidi kilowati 35. Pikipiki kubwa inaweza kupunguzwa nguvu ili aiendeshe, lakini kwa sharti moja: nguvu yake ya asili isizidi maradufu ya kiwango hicho, yaani kilowati 70. Badili kilowati 70 kuwa farasi na utapata 95. Honda CBR650R ina farasi 95. Aprilia, ambayo RS 660 yake ina farasi 100, ililazimika kutoa toleo la 95. Injini ya 660 ilipokuwa ndani ya Trident 660, pikipiki ya kisasa iliyorithi jina la ile ya 1968, ilitoa farasi 81. Wahandisi waliipandisha kwa zaidi ya sehemu moja ya sita, wakaipa kila silinda koo lake la hewa, wakasimama kwenye mstari uleule ambapo sheria inasimama. Farasi moja zaidi ingemfungia mlango kila kijana wa Ulaya ambaye bado hajafikia leseni kamili, na hao ndio wanaonunua pikipiki yao ya kwanza yenye hadhi. Kichekesho kidogo ni kwamba Uingereza ilijitoa katika Umoja wa Ulaya, lakini leseni zake zimebaki na mpaka uleule, na kiwanda chake mashuhuri bado kinapiga hesabu kwa kilowati za Brussels.

Ukishaikubali hesabu hiyo, ulinganisho na 675 unabadilika. Nguvu ya kuvuta ya 660 ni Nm 69, chini kidogo tu ya takribani Nm 72 za 675 ya kwanza, ila 675 iliifikia yake juu ya mizunguko 11,000 na 660 huifikia yake kwenye 8,250. Katika barabara ya kawaida, ambako mtu hubadilisha gia kwa ajili ya kumpita mwenye lori na si kwa ajili ya kupunguza sekunde za mzunguko wa uwanja, 660 haijaachwa nyuma kiasi ambacho tofauti ya farasi 30 ingekudanganya uamini. Uzito ni jambo jingine: kilo 17 zaidi ya 675 ya 2013 zinahisiwa, hasa kwenye kona zinazofuatana, na sioni sababu ya kuzitetea. Shokapu za mbele zisizorekebishika nazo ni akiba iliyofanywa waziwazi ili bei ya Uingereza wakati wa kuzinduliwa isimame kwenye pauni 8,595. Kila mmoja ana haki ya kuona kwamba jina la Daytona lilistahili screw mbili tatu za kurekebishia. Lakini kati ya kuukosoa ubahili wa vipuri na kudai kwamba pikipiki nzima ni hadaa kuna umbali mrefu.

Hoja nzito zaidi dhidi ya 660 ni ile ya 765. Wenye kuitoa husema: injini ipo, imethibitishwa katika Moto2, matoleo machache ya 2019 yalichangamkiwa, basi kwa nini isitengenezwe Daytona 765 ya kudumu? Nusu ya hoja hii haina miguu. Pikipiki iliyotengenezwa kwa idadi ndogo, yenye nambari iliyochongwa na bei ya pauni 15,765, hununuliwa na wakusanyaji, na wakusanyaji elfu moja na mia tano duniani kote si soko la kulisha mtambo wa kiwanda. Nusu nyingine ina miguu, na inatembea haraka kuliko wengi walivyotarajia. Mwaka 2022 kanuni za Supersport ya dunia zilifunguliwa ili pikipiki zenye ujazo tofauti zishindane kwa kusawazishwa kielektroniki, na Street Triple ya 765 ikaruhusiwa kuingia. Mwaka huohuo Brandon Paasch aliitumia kushinda Daytona 200. Mwaka 2024 Honda CBR600RR na Kawasaki ZX-6R zilirudi katika maduka ya Ulaya baada ya kutoweka kwa miaka kadhaa. Kisha ikaja Yamaha R9 kwa mwaka 2025, cc 890, farasi 119, na silinda zake ni tatu. Stefano Manzi aliitumia kutwaa ubingwa wa dunia wa Supersport mwaka huo, Manzi yuleyule ambaye mwaka 2022 alikuwa akiendesha Triumph katika mashindano hayohayo. Wazo ambalo Hinckley iliitolea jasho, kwamba silinda tatu ndizo zinazofaa daraja la kati, limeshinda ubingwa likiwa na nembo ya mtu mwingine tangini.

Wapo pia wanaotilia shaka kama Triumph bado ni ya Uingereza, kwa kuwa pikipiki nyingi za Triumph huunganishwa Thailand na pikipiki zake za cc 400, zilizotoka 2023, hutengenezwa India na Bajaj, ambayo wasomaji wa Afrika Mashariki wanaijua kwa Boxer za bodaboda na kwa chombo cha magurudumu matatu kilichochukua jina lake. Mimi naliona jambo hilo kama upande wa pili wa somo la Meriden. Waingereza wa 1975 walikufa kwa kukimbilia juu. Triumph ya leo inashuka kwa makusudi, kwanza kwa 660, kisha kwa 400, ili kijana wa Leicester, wa Pune au wa Milano alikute jina lake akiwa na umri wa miaka 19 na si 45. Katika mpango huo 660 ni ngazi, na ngazi haipimwi kwa urefu wake peke yake bali kwa mahali inapokufikisha.

Na hapo ndipo ninapoiona lawama ya kweli. Yamaha ina R7 yenye farasi 73 kwa ajili ya kijana wa A2, na kijana huyo akikomaa R9 inamngoja dukani humohumo, ya nembo ileile na yenye kava kamili. Kijana wa Daytona 660 akipata leseni kamili na kutaka pikipiki ya spoti iliyo kali zaidi, Triumph haina cha kumwonyesha katika mtindo huo: itampa Street Triple RS, pikipiki bora pengine kuliko zote za daraja lake, ila iliyo uchi, bila kava, au itamwomba atafute mkusanyaji anayeuza 765 ya 2019. Wakosoaji wanalia kwamba 660 imechukua nafasi ya 675, ilhali nafasi ya 675 iko wazi kabisa, hakuna aliyeikalia, na kelele zinazopigwa kuhusu jina zinaifanya kampuni isiulizwe swali hilo. Uamuzi wa 2017 wa kuiachia nafasi hiyo ulikuwa na sababu, kwa kuwa soko lilikuwa limekufa na kanuni za mashindano zilikuwa zimefungwa kwenye cc 675. Sababu zote mbili zimeondoka. Kanuni zimefunguliwa, na R9 imeonyesha kwamba pikipiki ya silinda tatu yenye kava, isiyomvunja mtu viganja na isiyodai bei ya wakusanyaji, inapata wanunuzi.

Kuna jambo moja linalonifanya niamini kwamba Hinckley inalijua hili. Mwaka 2023 ilitoa Street Triple 765 Moto2 Edition, nayo ilikuja na usukani wa chini uliogawanyika wa mtindo wa mashindano, shokapu za Öhlins mbele na nyuma, na injini ya farasi 130 iliyotimiza kanuni za moshi za wakati huo. Ilitolewa tena kwa matoleo ya kuhesabika, kana kwamba kampuni ilitaka kulitumbukiza dole gumba majini bila kuvua viatu. Mkataba wa Moto2 utaipa jukwaa hadi 2029. Ili hiyo 765 iwe Daytona ya kukaa juu ya 660, imebaki kuvishwa kava za mbele na kuandikwa katika orodha ya pikipiki zinazotengenezwa kila mwaka.